Sekunde Nne za Giza: Tathmini ya King'amuzi cha Dishi kwa Nyumba Inayopenda Kuhama Chaneli

Muuzaji aliyenihudumia katika duka la vifaa vya umeme hapa Tanga alinieleza mambo mengi kuhusu king'amuzi cha dishi nilichokuwa nimekishika mkononi: idadi ya chaneli, bei ya kifurushi cha mwezi, ung'avu wa picha, na kwamba fundi angefika nyumbani siku hiyo hiyo kufunga dishi na kuvuta waya. Yote aliyoniambia yalikuwa kweli na sina ugomvi naye. Jambo ambalo mimi sikuuliza, na yeye hakulifikiria, ni muda ambao mtu hukaa akitazama kioo cheusi kila anapotoka chaneli moja kwenda nyingine. Nimekitumia kifaa hiki kwa miezi saba sasa, na kila jioni inapopita nazidi kuamini kwamba swali hilo ndilo lililopaswa kutangulia mengine yote.

Jina la kampuni sitalitaja. Nimekwisha kuvishika ving'amuzi vya ndugu na majirani, vya kampuni tofauti, na nimeona kwamba kasoro ninayoieleza ni ya aina nzima ya vifaa hivi, ingawa vinazidiana, hivyo kumtwika lawama mmoja kungempotosha msomaji anayejiandaa kununua cha mwingine.

Nyumbani kwetu hakuna anayekaa kwenye chaneli moja jioni nzima. Baba yangu, mstaafu wa bandari, huishika rimoti kuanzia saa moja na nusu, na ikifika saa 2 kamili usiku huwa ameshafika ITV kusikiliza vichwa vya habari, kisha huhamia TBC1 kuona wao wameanza na habari gani, halafu hurudi alikotoka. Vituo viwili vikianza na jambo moja, yeye hulichukulia kuwa zito. Kimoja kikilitanguliza na kingine kikilisukumia mwisho, hutaka kujua sababu, na mazungumzo ya chakula cha usiku hutokea hapo. Mama hufuata tamthilia mbili ambazo muda wake unagongana, na kila tangazo la biashara linapoingia upande huu, huvuka upande wa pili. Mdogo wangu, dereva wa bajaji, hufanya hivyo hivyo kwenye mpira siku ambazo mechi mbili zinachezwa kwa wakati mmoja.

Wapo wanaoiona tabia hii kuwa ni ukosefu wa subira, na nimewasikia wageni wetu wakisema kwamba rimoti ya nyumba hii haina mapumziko. Mimi siioni hivyo hata kidogo. Mtu anayekwenda soko la samaki la Deep Sea halaumiwi kwa kupita meza tatu, akafunua mashavu ya changu na kuuliza bei, kabla ya kutoa pesa. Anajua anachokitafuta, na njia ya kukipata ni kulinganisha. Baba anafanya hivyo kwa habari. Na kwa watu wa rika lake, kuwa na mahali pa pili pa kuhamia ni jambo walilolishuhudia likianza, kwa sababu Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu mwaka 1973, lakini huku bara matangazo ya televisheni yalianza mwaka 1994, wakati yeye alikuwa ameshakuwa mtu mzima mwenye watoto. Siwezi kumwambia akae kwenye kituo kimoja kwa kuwa king'amuzi kimechoka kumfuata.

Niliitambua vizuri hasara ya kusubiri usiku wa Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huanza kutumika. Bei hizo hutofautiana kulingana na bandari mafuta yalikopokelewa, yaani Dar es Salaam, Tanga au Mtwara, na kwa mdogo wangu mwenye bajaji tofauti ya shilingi chache kwa lita ni tofauti ya kinachobaki mfukoni jioni. Tulikuwa tumekaa watano. Kituo cha kwanza kilikuwa kimeonyesha bei ya Dar es Salaam na kuendelea na habari nyingine, kwa hiyo Baba akabonyeza kwenda kituo cha pili. Kioo kikawa cheusi. Utepe wa chini ukatokea na jina la chaneli, jina la kipindi na saa, lakini picha haikuja. Ilipokuja, ilikuja bila sauti. Sauti ilipoingia, msomaji wa habari alikuwa akimalizia kutaja Mtwara, na jedwali lililokuwa kioo kizima likaondoka mbele ya macho yetu.

"Tanga wamesema ngapi?" Baba aliuliza.

"Imepita wakati picha inakuja, Baba," mdogo wangu alimjibu.

Tuliijua bei asubuhi yake kwenye kituo cha mafuta. Jambo lenyewe ni dogo, lakini ndilo lililonifanya nichukue simu, nifungue saa ya kupimia, na kukaa usiku mmoja baada ya watoto kulala nikipima. Nilibonyeza kitufe cha kupanda chaneli mara nyingi na kuandika muda tangu kidole kilipogusa hadi picha ikiwa imetulia pamoja na sauti yake. Chaneli zilizo jirani kwenye orodha mara nyingi zilichukua kati ya sekunde 2 na 3. Nyingine zilifika 4, na chache, hasa zenye picha za ung'avu wa juu, zilivuka hapo. Sekunde nne zikisemwa kwa mdomo huonekana si kitu. Azihesabu mtu taratibu akitazama kioo cheusi, kisha azizidishe kwa mara ishirini ambazo Baba huhama ndani ya taarifa ya habari moja. Ni zaidi ya dakika nzima ya taarifa ambayo haijaonekana kwenye kituo chochote.

Sikuridhika na jibu la fundi kwamba "ndivyo vilivyo", kwa hiyo nilifuatilia sababu, na nimeona inafaa kuzieleza kwa sababu zinamsaidia mnunuzi kutofautisha kasoro inayorekebishika na ile ya kuvumilia. Katika mfumo wa zamani wa analojia, runinga ilipogeuzwa kwenye masafa ya kituo ilianza kuchora picha papo hapo, yenye chenga au isiyo na chenga, kwa kuwa wimbi lililofika kwenye antena lilikuwa limebeba picha hiyo moja kwa moja. Mitambo hiyo ilizimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Tanga ikafuata mapema mwaka 2013. Tangu hapo picha inatufikia ikiwa imebanwa. Ili masafa yale yale yabebe chaneli nyingi, kituo hakitumi kila picha nzima; hutuma picha moja kamili, kisha kwa muda hutuma mabadiliko tu, mdomo wa msomaji uliosogea, gari lililopita nyuma ya mwandishi, na baadaye hutuma tena picha kamili. Mtu akiingia katikati, king'amuzi hupokea habari za mabadiliko ya picha ambayo hakijaiona, na hakina la kufanya ila kungoja picha kamili ijayo, ambayo inaweza kuwa mbele kwa nusu sekunde, sekunde moja au hata mbili. Muda huo hupangwa na anayerusha matangazo, na hakuna rimoti ya kuufupisha.

Kabla ya kufika hapo, kuna kazi nyingine. Chaneli za setilaiti zimefungwa katika mafungu, kila fungu likirushwa na transponda moja, yaani mtambo wa kurushia ulio ndani ya setilaiti, kwenye masafa yake. Ukihama ndani ya fungu lile lile, king'amuzi kinabaki kwenye masafa kilipo na kuchambua tu chaneli nyingine. Ukihamia fungu jingine, lazima kiache masafa ya kwanza, kishike mapya, na pengine kibadili umeme kinaoupeleka kwenye kile kichwa kilicho mbele ya sahani, volti 13 kwa mawimbi ya wima na volti 18 kwa ya mlalo, ndipo kianze kusoma orodha inayokiambia picha iko wapi na sauti iko wapi. Hii ndiyo sababu chaneli mbili zinazofuatana kwa namba zinaweza kupishana kwa muda wa kufunguka, jambo ambalo mke wangu alilibaini kwa macho tu, muda mrefu kabla mimi sijalisoma: aliniambia kuna chaneli "za karibu" na chaneli "za mbali", na alikuwa sahihi kabisa.

Halafu kuna kufuli. Chaneli ya kulipia hurushwa ikiwa imevurugwa kwa makusudi, na funguo za kuirudisha sawa husafiri ndani ya matangazo yenyewe, zikibadilika kila baada ya sekunde chache. King'amuzi hukamata ufunguo, hukiuliza kifaa chake cha ndani kama kifurushi kimelipwa, na kikikubaliwa ndipo hufungua. Kila hatua ni fupi. Zikipangwa mstari mmoja ndizo sekunde nne za sebuleni kwetu.

Mpaka hapo naweza kuvumilia, kwa sababu ni maumbile ya teknolojia. Nisiloweza kulivumilia ni namna kampuni ilivyoipanga orodha ya chaneli. Mteja wa kifurushi cha chini, kama mimi, hapewi orodha ya chaneli alizozilipia. Anapewa orodha nzima, ikiwa na chaneli za vifurushi vya juu zilizochomekwa katikati, ili kila anapopanda kwa kitufe agonge ukuta ulioandikwa kwamba chaneli hii haimo kwenye kifurushi chake na alipie ili aendelee kutazama. Nilihesabu kutoka chaneli ya habari aipendayo Baba hadi chaneli ya katuni ya watoto: vituo kumi na tisa, na kati yake kumi na moja vilikuwa vimefungwa. King'amuzi kinajua kabla ya kufika huko kwamba sijazilipia, lakini kinanipeleka kwenye kila moja, kinahangaika kuifungua, kisha kinaleta maandishi yale yale. Ninaelewa biashara inataka kunionyesha kilichopo dukani. Ila mimi nimeshaingia, nimeshalipa, na ninazuiwa kutembea ndani ya nyumba yangu mwenyewe ili nitazame bidhaa ambazo sijazihitaji.

Lipo suala la sauti pia, nalo ni zito kuliko watu wanavyolichukulia. Kila kituo hurusha kwa kiwango chake cha sauti, na matangazo ya biashara mengi huwa juu zaidi ya kipindi yanachokikata. Anayekaa kwenye chaneli moja huzoea. Anayehama hukutana na tofauti hiyo kila anapobonyeza. Mama ana shinikizo la damu, na nimemwona akishtuka hadi kikombe cha chai kikamwagikia kanga, kwa sababu tu tulitoka kwenye mawaidha ya sauti ya chini tukaangukia tangazo la sabuni. Marekani walilitungia sheria jambo hili mwaka 2010, ikaanza kutekelezwa Desemba 2012, ikivitaka vituo visirushe tangazo kwa sauti ya juu kuliko kipindi chenyewe, na Ulaya watangazaji wana kipimo cha pamoja cha kulinganisha sauti tangu mwaka huo huo wa 2010. King'amuzi changu kina sehemu ya mipangilio iliyoandikwa "sawazisha sauti". Niliiwasha. Ilipunguza kelele kidogo kwenye chaneli za muziki, lakini kati ya kituo na kituo sikuona nafuu ya maana.

Rimoti yenyewe naipa alama nzuri kwa umbo na alama mbaya kwa mpira. Ni nyepesi, inakaa vizuri kiganjani, na kitufe cha chaneli kiko mahali ambapo kidole gumba hukifikia bila kukitafuta gizani. Tuliiacha ndani ya nailoni yake, kama wanavyofanya wengi, ili vumbi na mafuta ya mihogo visiingie. Hata hivyo, mwezi wa tano kitufe cha kupanda chaneli kilianza kukataa, kikitaka kubonyezwa kwa nguvu mara mbili au tatu, wakati kitufe cha kushuka kilikuwa kama kipya. Niliifungua. Chini ya kila kitufe cha mpira kuna kiduara cheusi kinachogusa bodi na kukamilisha njia ya umeme. Kile cha kupanda kilikuwa kimelainika na kung'aa kwa kutumiwa, na kwenye bodi palikuwa na utando wa mafuta. Nilipangusa pande zote mbili kwa pamba yenye spiriti kidogo, nikaacha pakauke, na kimefanya kazi hadi leo. Kwa kifaa ambacho kazi yake kubwa ni kitufe hicho kimoja, miezi mitano ni michache mno.

Nitaje hapa, kwa faida ya anayetaka kutupa rimoti kabla ya wakati, kwamba taa iliyo kwenye pua ya rimoti hutoa mwanga ambao jicho halioni lakini kamera ya simu huuona. Elekeza pua hiyo kwenye kamera, hasa ya mbele, kisha bonyeza: ikiwaka zambarau hafifu au nyeupe kwenye kioo cha simu, rimoti ni nzima na tatizo liko kwenye king'amuzi, isipowaka kwa kitufe kimoja tu, kitufe hicho ndicho kichafu, isipowaka kabisa, anza na betri.

Rimoti tangu asili yake iliundwa kwa ajili ya watu wa namna ya nyumba yetu, na hilo linanitia moyo katika malalamiko haya. Kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa rimoti ya kwanza ya runinga mwaka 1950, ikiwa imeunganishwa kwa waya uliotambaa sakafuni na kukwaza miguu. Mwaka 1955 mhandisi wao Eugene Polley alileta Flash-Matic, kitu kama tochi ya kumulika pembe nne za kioo, na tatizo lake likawa kwamba hata jua la dirishani liliweza kuhamisha chaneli. Mwaka uliofuata Robert Adler alileta Space Command, isiyotumia betri hata moja: ndani yake kulikuwa na vipande vya alumini vilivyogongwa na nyundo ndogo, vikatoa mlio wa juu ambao sikio la mtu halisikii lakini runinga inausikia. Aliyekuwa akiwasukuma, kiongozi wa Zenith Eugene McDonald, alikuwa na sababu moja iliyo wazi, kwamba hakuyapenda matangazo ya biashara na alitaka mtazamaji awe na njia ya kuyakwepa akiwa ameketi. Kwa hiyo Mama anapovuka kutoka tamthilia moja kwenda nyingine wakati wa tangazo, anaitumia rimoti kwa kazi ile ile iliyoanziwa.

Sasa nigeukie upande wa pili wa mizani, maana si haki kukitaja kifaa kwa kasoro tu. Picha ni nzuri mno. Mechi ya Simba na Yanga tuliyoitazama sebuleni, nyasi zikionekana moja moja na namba za mgongoni zikisomeka, ilitupunguzia safari za banda umiza, ambako unalipia kiingilio, unakaa kwenye benchi, na mwenye banda ndiye mwenye rimoti, hata muda wa mapumziko ukijaa matangazo huna mamlaka ya kuhama. Huduma kwa wateja walinijibu kwa Kiswahili kizuri na kwa heshima mara zote mbili nilizopiga. Malipo kwa simu huingia haraka. Siku nisizohama chaneli, sina neno baya.

Mvua ni shauri lingine. Masika ya Tanga ikikolea, picha huganda, hupasuka vipande vya mraba, na hatimaye hupotea mpaka wingu lipite, kwa sababu matone mazito hulimeza wimbi la setilaiti kabla halijafika kwenye sahani. Na umeme ukikatika, king'amuzi huchukua zaidi ya dakika moja kuamka, kisha hakirudi ulipokuwa. Kinakupeleka kwenye chaneli ya matangazo ya kampuni yenyewe, na kutoka hapo uanze safari upya kupita kuta zile kumi na moja.

Kwa kulinganisha, nilikitoa stoo king'amuzi chetu cha zamani cha antena, tulichokinunua wakati ule wa kuhamia dijitali, nikakiunganisha kwenye runinga hiyo hiyo kwa waya tofauti. Chaneli zake ni chache, za ndani, zisizolipiwa. Picha yake ni ya kawaida. Lakini katika kuhama kilikishinda kile cha dishi kwa mbali: zaidi kidogo ya sekunde moja, mara chache mbili. Sababu ni zile zile nilizozieleza, zikiwa kinyume chake, kwani chaneli nyingi za hapa kwetu zinabebwa pamoja katika fungu moja kwenye masafa mamoja, hazina kufuli la kufunguliwa, na picha si kubwa. Baba alihama kutoka ITV kwenda TBC1 na kurudi mara tatu mfululizo bila kusema lolote, akaniuliza kama nimebadilisha runinga.

Tangu siku hiyo taarifa ya habari tunaitazama kwa king'amuzi cha antena, na dishi limebaki kwa mpira, tamthilia na katuni. Ni usumbufu, kwa kuwa rimoti sasa ni tatu mezani na Mama huzichanganya, lakini saa 2 usiku imerudi kuwa kama alivyoizoea Baba.

Kwa aliyeshakinunua cha dishi na hana cha pili, kuna njia mbili zilizotusaidia kwa kiasi kikubwa. Ya kwanza ni orodha ya chaneli pendwa. Ilinichukua dakika kama ishirini kuipanga, kwa kuwa vitufe vimejificha ndani ya mipangilio na king'amuzi hakikuambii kwamba kipo tayari kukusaidia, lakini baada ya kuweka chaneli kumi na nne tu tunazozitazama na kuzikataza nyingine zote, kitufe cha kupanda kilikoma kutupeleka kwenye kuta. Nilizipanga kwa kufuata ugunduzi wa mke wangu, za karibu pamoja na za mbali pamoja, na muda wa kungoja ulipungua. Ya pili ni kitufe cha kurudi chaneli iliyopita, ambacho kwenye rimoti nyingi kimeandikwa "Recall" au kina mshale uliopinda. Anayehama kati ya vituo viwili hahitaji namba wala orodha. Anahitaji kitufe hicho peke yake. Na anayependa kuandika namba azoee kubonyeza "OK" baada ya tarakimu ya mwisho, vinginevyo king'amuzi hungoja kidogo kikidhani kuna tarakimu nyingine inakuja.

Kwa ambaye hajanunua, namwomba asiridhike na idadi ya chaneli iliyochapishwa kwenye boksi. Amwombe muuzaji akiwashe king'amuzi kilichofungwa dishi kweli, si video ya maonyesho inayozunguka dukani, kisha aishike rimoti mwenyewe na kupanda chaneli kumi mfululizo akihesabu kwa sauti. Akizime kwenye swichi ya ukutani, akiwashe tena, aone kinaamkia chaneli gani. Aulize kama chaneli ambazo hajazilipia zinaweza kufichwa kwenye orodha, na aombe aonyeshwe namna ya kuzificha, asikubali kuambiwa tu kwamba inawezekana.

Mwezi uliopita nilirudi kwenye duka lile lile kumnunulia dada yangu wa Muheza. Muuzaji alinikumbuka, akaanza na idadi ya chaneli. Nilimwomba rimoti. Alinitazama kidogo, akafuta vumbi kwenye king'amuzi cha mfano, akakiwasha, tukahesabu pamoja, moja, mbili, tatu, picha ikaja. Tulijaribu cha kampuni nyingine kilichokuwa rafu ya chini, cha bei nafuu kidogo na chaneli pungufu, nacho kikafungua tukiwa tumefika mbili. Hicho ndicho nilichompelekea.